Miba Iliyoondolewa kwa Mpelelezi Nishikanta

Bijoygarh, Kolkata

Kwa Bwana Paritosh Laha,
Katibu, Chama cha Wapenzi wa Mpelelezi Nishikanta

Bwana Katibu mheshimiwa,

Natumaini umepumzika baada ya kongamano letu la mwaka. Ukumbi ulipendeza, na wale vijana sitini waliovaa miwani ya Nishikanta walinifurahisha, ingawa wawili walinikanyaga. Kilichonikalisha mezani kuandika ni tuzo mliyoipa tamthilia mpya ya televisheni kwa "uaminifu wake kwa kitabu". Nakala yangu ilibaki kwetu Barisal, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1950, nilipohamia huku nikiwa na miaka kumi na mmoja, lakini kitabu chote nimekihifadhi kichwani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nishikanta anatia sukari kwenye dengu. Mtu wa Barisal hatii sukari kwenye dengu. Nilipolisema hili ukumbini, binti mmoja alinijibu, "Babu, huyu ni mpelelezi, si mpishi wa harusi." Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu.

2. Wamempa kamba wa nazi badala ya samaki wetu, ilish. Hili si suala la ladha tu. Kitabuni muuaji anajifanya mtu wa kwetu. Nishikanta anamwalika chakula, anamwona akichokoa miba ya ilish kwa vidole kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea, na kesi imekwisha. Kamba hana miba. Ndiyo maana imewabidi wamkamate muuaji kwa kamera ya dukani. Tamthilia ya zamani, ile isiyo na rangi, ilikuwa na kuta za maboksi zilizotikisika kila mlango ulipofungwa, lakini samaki alikuwa na miba.

3. Wameondoa meli ya mtoni iliyomleta Nishikanta. Sasa anatokea kwenye lifti. Bila meli hakutoka popote. Na kama yeye hakutoka popote, naomba Chama kinijulishe kwa maandishi mimi nilitoka wapi.

Kwa hiyo naomba tuzo irudishwe, na mwigizaji aletwe kwangu kwa miezi sita. Mke wangu Binapani atampikia ilish kila siku, mpaka aweze kutoa miba kwa ulimi huku akisoma gazeti. Najua uliniambia mlangoni, "Mzee wangu, kisome tena kitabu kwanza, halafu tugombane." Sikuona haja.

Nisalimie mama yako, wajumbe wote, na yule binti mcheshi.

Wako katika upelelezi,
Sudhanya Guhathakurta

N.B. Binapani ameazima kitabu maktaba ili barua iwe na namba za kurasa. Ukurasa wa sita, Nishikanta ni mzaliwa wa Kolkata. Ukurasa wa arobaini, anakula kamba. Muuaji anaponzwa na saa yake ya mfukoni. Meli haimo. Sukari imo. Barua sitaiandika upya. Kwenye meli ya mtoni iliyonitoa Barisal mwaka 1950 nilikuwa peke yangu, bila kitabu, nikawa najisimulia hadithi mpaka bandari ya Khulna. Nadhani ndipo nilipompandisha Nishikanta. Mwigizaji aje hata hivyo. Samaki tumeshanunua.