Kamongo Bila Sato

Jumatatu, 9 Juni

Simu imeingia saa nne asubuhi nikiwa soko la Mwigobero, Musoma, pembeni ya meza ya dada Jeska, namsaidia kuuza dagaa. Kumsaidia maana yake mimi napiga litungu, zeze letu la nyuzi, yeye anauza. Anasema wateja wananunua haraka ili waondoke.

Mpigaji amejitambulisha kuwa ni Debora, dairekta wa filamu. Wapo Butiama wiki hii. Filamu ya msiba: marehemu ameacha wadogo wawili wanaogombania shamba. Ameona video yetu ya zamani, mimi na Gody, ile ya baba mkwe na baiskeli. Akasema tufike Jumatano saa tatu wote wawili, nimpe mwenzangu taarifa.

Wote wawili. Nimemwelewa vizuri. Anataka kutushindanisha abaki na mmoja.

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Mimi ni Clementi, jukwaani Kamongo. Miaka tisa nawachekesha watu wa mkoa huu kwenye harusi, vipaimara na mikutano ya ushirika. Napiga litungu, napiga na kinanda. Pasaka tatu mfululizo nimeigiza Yuda kanisani, na paroko alisema sihitaji mazoezi. Gody ni Sato. Tulikuwaga wawili, Kamongo na Sato, mpaka Februari tulipogombana kule Bukima kuhusu nani atangulie kuingia ukumbini. Tangu hapo kila mtu kivyake. Watu wanampenda Gody kuliko mimi. Ndivyo ilivyo hata kwa samaki wenyewe: sato anakaribishwa kila meza, kamongo nusu ya watu wanasema ni nyoka.

Jioni nimempigia. Nimemwambia kuna usaili wa filamu Bunda, Jumatano saa tatu. Akanishukuru sana. Akauliza kama mgongo bado unanisumbua. Nikasema hapana.

Unanisumbua.

Jumatano, 11 Juni

Butiama. Nimefika saa mbili, wa kwanza kabisa, hata wapishi hawajawasha moto. Debora ni mama mfupi mwenye miwani, anaongea taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Swali lake la kwanza lilikuwa mwenzangu yuko wapi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema Gody ameokoka. Ameacha mambo ya dunia, siku hizi hata kucheka hacheki.

Debora akavua miwani. Akasema ni pigo kubwa, maana wale wadogo wawili wa marehemu ni sisi. Aliwaandika baada ya kuona ile video. Hakuwa na mpango wa kuchagua mmoja. Alitaka jozi.

Nikasema nitaigiza wote wawili.

Mdogo alikuwa na kofia, mkubwa hana. Wanagombania jembe. Mwanzo ilienda vizuri. Kisha mkubwa akauliza swali la mdogo, kofia ikawa kwenye kichwa kisicho chake, na nilipojikaba shingo nikarudi kinyumenyume nikakaa kwenye beseni la mchele wa wapishi. Watu walicheka sana. Debora hakucheka. Alisema hapo ndipo mmoja anapomwomba mwenzake msamaha.

Akatafakari. Akauliza kama naweza kulala bila kutikisika. Kuna nafasi ya marehemu. Nikauliza ana maneno mangapi. Hana. Nikauliza kama anaonyeshwa akiwa hai, hata kidogo. Hapana. Nikakubali. Jumamosi asubuhi.

Nyumbani nimemwambia Jeska nimepewa nafasi ya mhusika mkuu. Si uongo. Filamu nzima wanamzungumzia yeye.

Alhamisi, 12 Juni

Gody amepiga simu kutoka Bunda. Nilikaribia kuizima.

Aliutafuta usaili mji mzima, hakuuona. Akaingia kwenye ukumbi mmoja kuuliza, akakuta mahafali ya chuo cha ushonaji na mshereheshaji hajatokea. Wakamwona amevaa vizuri, wakampa kipaza sauti. Alipomaliza, familia moja ikamshika mkono: Jumamosi wana harusi, wanamtaka yeye.

Halafu akasema ameelewa. Kwamba nilijua anavyohangaika tangu tuachane, na kwa kuwa naona aibu kumsaidia waziwazi, nikamtuma Bunda kwa ujanja. Akasema hatasahau.

Nikasema ndugu ni kufaana.

Akaniomba nikapige litungu kwenye hiyo harusi, saa nane mchana. Nikakubali. Jeska, aliyekwisha kunibana nikamtajia nafasi yenyewe, akauliza itawezekanaje wakati Jumamosi mimi ni marehemu. Nikamweleza ratiba: saa mbili nimekufa, saa sita nimezikwa, saa nane niko Bunda. Akasema hajawahi kuona maiti mwenye haraka.

Jumamosi, 14 Juni

Wamenipaka majivu na poda uso mzima. Pamba puani. Suti nyeusi ya kuazima, mikono imeishia kwenye viwiko. Nikalazwa kwenye mkeka.

Waombolezaji ni akina mama wa kijijini hapo. Mmoja anaitwa Bibi Jenoveva. Amelia misiba ya kweli miaka sitini, hahitaji kufundishwa na dairekta. Akapiga magoti kichwani kwangu, akaanza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umekwenda hamjapatana na ndugu yako. Sasa utapatana naye lini?"

Machozi yakanitoka. Debora akasimamisha. Nikafutwa, nikapakwa majivu upya. Bibi akaanza tena, safari hii akaongeza kwamba ndugu yangu alikuwa akiniuliza hali yangu na mimi namdanganya. Sijui alitoa wapi. Nikalia mpaka pamba ikalowa. Bibi akamgeukia Debora, akauliza kwa upole kama kuna uhakika huyu mtu amekufa.

Saa saba nilikuwa sijazikwa bado. Wakatangaza chakula. Nikapita nyuma ya turubai, nikapanda bodaboda. Hakukuwa na muda wa kunawa.

Dereva alikuwa anatazama kioo kuliko barabara. Katikati ya njia akasimama, akaniuliza kama mimi ni mzima. Nilitaka kumjibu lakini kwa ile pamba ilitoka sauti ya ajabu. Akaniacha hapohapo na pikipiki akaisukuma kwa mguu mpaka ikawaka mbele huko. Nikapanda lori la mihogo, nyuma, peke yangu na mihogo.

Nimeingia ukumbini saa tisa kasoro, wakati wazee wa familia wanatambulishwa. Shangazi wa bibi harusi akaingia chini ya meza. Kwaya ikatoka kwa mlango wa jikoni, wale wa besi wakitangulia. Bwana harusi akamshika mkewe, halafu akamwachia, akakimbia kidogo, akarudi.

Gody alikuwa na kipaza sauti. Alinitazama. Nilimwona anaamua.

"Kaka Kamongo," akasema, "si tulikuzika asubuhi?"

"Mlinizika," nikamjibu, "ila nikasikia kuna harusi."

Ukumbi ukapasuka. Tulikwenda dakika arobaini bila kupanga hata neno. Litungu nililisahau Butiama, nikapiga sinia. Shangazi akatoka chini ya meza, akanitunza kitenge.

Baadaye nyuma ya ukumbi Gody akanimiminia maji kwa jagi ninawe uso. Nilikusudia kumwambia nusu. Nikamwambia yote: simu ya Debora, Butiama, kuokoka.

Akasema anajua. Namba yake ipo kwenye ile video, chini ya yangu. Debora alimpigia Jumatano hiyohiyo kumpongeza kwa wokovu na kumwomba aiombee filamu. Zile shukrani za Alhamisi zilikuwa za makusudi, alitaka kuona nitazibeba siku ngapi.

"Siku mbili," akasema. "Nilidhani utafika Krismasi."

Nikamuuliza kama hakukasirika. Akasema alikasirika sana. Lakini pale kwenye mahafali, kila alipomaliza utani alikuwa anageukaga kushoto, upande ninaosimamaga mimi, akakuta spika tu.

Nikaomba maji mengine ingawa uso ulishatakata.

Debora alimpigia Gody tukiwa bado pale. Wamezika jeneza tupu, na Bibi Jenoveva amekataa kulilia ubao. Tena wale wanakwaya wawili wa Butiama aliowachukua badala yetu hawawezi kugombana, kila wakianza wanaombana radhi. Anatutaka Jumatatu, wote wawili, kama huyo aliyeokoka ataruhusiwa. Marehemu hana tatizo, nilivyolala mkekani wamesharekodi. Kwa majivu yale hakuna atakayenitambua. Nitajililia mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Gody amekuja nyumbani. Tumekaa na Jeska kama shahidi. Tumekubaliana: tunarudi Kamongo na Sato. Tunaingia ukumbini bega kwa bega. Hakuna uongo tena, hata mdogo. Nilishika Biblia ya Jeska, nikaapa. Gody akanikumbatia. Akasema yeye anakwenda Kiriba kumpa mama yake habari njema, mimi nishughulikie fulana, tuvae kesho Butiama.

Nimekwenda kwa mchapaji, jirani yetu, amenifungulia ingawa ni Jumapili. Aliniuliza kifuani aandike nini. Nilifungua mdomo niseme kama tulivyokubaliana. Kisha nikaiangalia ile fulana. Si pana. Na mimi ndiye niliyepigiwa simu wa kwanza, lazima mtu aseme ukweli.

Zimetoka nzuri sana. KAMONGO kwa herufi kubwa nyekundu. Chini yake, ndogo: na mwenzake.

Jeska amezitazama. Ameuliza Gody akihoji nitajibu nini. Nitamwambia kosa ni la mashine, haina herufi S. Mgongoni wameandika MUSOMA, lakini Gody fulana huwa haangaliagi mgongoni.