Mngurumo wa Mama Waya

Wizara ya Sauti Zinazofaa inayo heshima kuwatangazia wananchi wote wenye masikio kwamba muziki ni ule unaopigiwa makofi. Usiopigiwa makofi ni kelele, na vyombo vya kelele vitasagwa. Aliyatamka hayo Mheshimiwa Waziri mwenyewe, kwa hekima ambayo sisi wataalamu hatukuwa tumeifikia, maana tulikuwa bado tunasikiliza.

Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Uhakiki. Mshukiwa wetu wa kwanza alikuwa Mama Waya, mjane aliyejaza chumba chake redio mbovu, vinasa sauti na nyaya, akavifanya vyote viimbe. Kabla ya kusaga, sheria ilinitaka nisikilize ushahidi.

"Kaa, bosi," alisema, akinisogezea ndoo iliyopinduliwa. "Usitafute wimbo. Wenyewe utakutafuta."

Nilisikia friji likikata roho. Ikafuata mvua ya misumari. Nikaandika: kelele, daraja la juu. Ila kwa ajili ya haki, nikachukua kanda ya wimbo huo nikamalizie nyumbani.

"Baba Watoto," mke wangu akauliza, "unakuja na friji la watu, na la kwetu linalia jikoni?"

"Hili lina huzuni," nikajibu, nikashtuka kujisikia nikisema hivyo.

Kwani chini ya mngurumo ule kulikuwa na mngurumo mwingine, mwembamba, ukipanda polepole kama mtu mwenye jambo moyoni anayeona haya kulisema. Nikarudia. Kiutaratibu, uhakiki hauna kikomo. Nikarudi kwa Mama Waya na maswali ya kiserikali, nikasahau kuyauliza. Hata mke wangu akaanza kulizima friji la jikoni ili asikie vizuri.

Niliandika taarifa ya kuomba huruma. Waziri hakuisoma, ilikuwa na aya mbili. Akaamuru uchafu ule upigwe mbele ya umma ukumbini, kisha vyombo visagwe papo hapo. Akamleta mama yake mzazi, akamketisha mbele, awakilishe wazee wanaoteswa na kelele.

"Nisamehe, mama," nilimnong'oneza Mama Waya. "Nimeshindwa kumshauri."

"Kwani nani amewahi?" akasema, akawasha.

Mwanzoni watu walicheka. Wengine wakaziba masikio. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, mikono ikashuka. Mngurumo ule mwembamba ulipoanza kupanda, mlinzi wa mlangoni alivua kofia bila kuamriwa.

Waziri akainuka kwa tabasamu la ushindi, akagonga maiki. "Ndugu wananchi, mmejionea! Hakuna hata mmoja aliyepiga makofi! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyo—"

"Shhh!" ukumbi mzima ukamjibu. Nakiri, kwa unyenyekevu wa mtumishi wa umma, sauti yangu ndiyo iliyovuma zaidi.

Waziri akageuka kumtazama mama yake, shahidi wake mkuu. Bibi alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka. Akanyoosha mkono, akalishika koti la Mheshimiwa kwa nyuma, akavuta.

"Mwanangu, kaa chini. Na wewe ukitaka kunguruma, ngoja mwenzako amalize."

Mheshimiwa akakaa.