Bec Mbili za Klarineti Nene

Jumatatu, 21 mwezi wa saba 2003

Nimechoka. Tarehe nimemuuliza Mwalimu Floribert, maana tangu tulipokimbia vita mwezi wa tano siku zangu hazifuatani. Tumerudi mtaani kwetu, Mudzipela, wiki tatu sasa. Nyumba ipo. Mlango haupo. Klarineti nene, ile ya sauti ya chini, ya marehemu kaka Lionel ipo pia: waliopora walibeba mpaka sufuria zenye kutoboka, lakini darini hawakuangalia. Imekosa bec tu, ile sehemu ya kutia mdomoni. Bila bec ni bomba la maji.

Kaka tulimzika uani nyuma ya nyumba, haraka, ndani ya mkeka, bila hata wimbo mmoja. Yeye aliyepiga kwenye maziko ya nusu ya mtaa, kisha akarudi nyumbani akipiga mluzi kwa ule mwanya wake wa meno. Jumapili hii fanfare, bendi ya parokia, itapiga kwa ajili ya wote waliozikwa kimya. Mwalimu Floribert, kiongozi wetu, amesema Jumamosi tutajaribiwa wawili: mimi, mpiga matoazi, na Vital wa nyumba ya pili, anayepiga klarineti ndogo vizuri na anajua kwamba anapiga vizuri. Atakayeifanya klarineti ya kaka iseme, ataipiga Jumapili. Kaka ni wangu, kwa hiyo nafasi ni yangu. Zaidi ya hapo, kaka mwenyewe alinifundisha noti saba kabla ya kukata tamaa.

Siku kumi zilizopita nilimpa Mama Kahindo, mfanyabiashara wa Butembo aliyepanga kwetu, jogoo wangu wa mwisho na kikaratasi: tafadhali, bec moja, kubwa. Leo ameshuka na ndege ndogo. Ameniletea bec ya taa! Ile ya kushikia utambi. Ni kubwa kweli. Nilipolalamika akasema, "Weye uliandika bec. Iyi ni bec. Na jogoo yako ilikuwa na kikohozi."

Jumanne, 22

Mama Kahindo ana roho nzuri. Ameniita baada ya uji, akafungua mkebe wa maziwa ya unga. Kuna mtu sokoni alimpa bec mbili ili apate chumvi. Za kweli. Akaniambia nichague moja.

Nimechagua kwa muda mrefu mpaka akaanza kufagia miguu yangu. Ya kwanza ni nyeusi, inang'aa, ina maandishi ya rangi ya dhahabu. Ya pili imekwaruzwa, koki yake, ile gamba laini la kuunganishia, imechakaa, na juu kuna mtu ameitafuna: alama mbili za meno, zimeachana katikati. Mtu gani anakula chombo cha kanisa? Nimechukua inayong'aa. Kisha nimemrudishia bec ya taa na kumwomba ile mbovu pia. Amenipa ili niondoke.

Ya nini, ile mbovu? Hapo ndipo penye akili. Vital hana bec ya klarineti nene, ana ile ndogo tu. Jumamosi ataomba ya kwangu, na Mwalimu atasema tugawane kama Wakristo. Lakini mtu mwenye bec yake hawezi kuomba ya mwenzake.

Jumatano, 23

Nimempelekea Vital. Nimesema ni zawadi, tusahau yaliyopita. (Yaliyopita: mwaka juzi alisema mbele ya kwaya nzima kwamba matoazi yangu yanachelewa.) Ameitazama muda mrefu. Ameuliza nimeipata wapi. Halafu akasema, "Augustin, uliiangalia muzuri?" Nikamjibu nimeiangalia vizuri sana, ndiyo maana ninampa yeye. Ameipokea kwa mikono miwili. Kidogo nimwonee huruma.

Ijumaa, 25

Jana sikuandika. Kulikuwa na risasi tangu asubuhi, tukalala sakafuni hadi saa tisa, mimi na Mama, klarineti katikati yetu. Nimechoka na sakafu hiyo. Naijua ufa kwa ufa.

Leo bec yangu nzuri imekataa. Haiingii. Mwalimu Floribert amepita, akaigeuza mara moja tu. "Iyi ni ya saksofoni," akasema. "Ya saksofoni inavaa shingo. Ya klarineti inaingia mu shingo." Akanishauri niende kwa Vital, niombe tutumie ile yake kwa zamu. Kuomba! Kwa Vital!

Nimekata bomba la jani la papai, nikaliunganisha kati ya bec na shingo kwa uzi na nta ya mshumaa. Anche, ule ulimi wa tete, nimetoa katika kiboksi cha kaka. Sauti imetoka. Mama akauliza kutoka jikoni mbuzi ametoka wapi, maana wa kwetu alichukuliwa mwezi wa tano.

Jumamosi, 26

Nimetangulia mimi. Jua lilikuwa kali na nta ikayeyuka. Kwenye noti ya tatu papai liliruka na kumpiga Mwalimu kifuani, na bec ikafuata. Watu wamecheka mpaka kushikana mabega. Clémence, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, amesema ndiyo mara ya kwanza anacheka tangu vita, niwe na furaha. Sikuwa na furaha.

Kisha Vital akachukua klarineti, akatia ile mbovu. Imeingia mara moja, bila kusukumwa. Akapuliza.

Ilikuwa sauti ya kaka. Sijui kuandika vingine. Mama alikuwa ametuletea maji. Akaweka ndoo chini. Akamwendea Vital, akaomba bec, akatia ukucha katika alama ya kwanza, halafu ya pili, halafu pale katikati pasipo na kitu. "Iyi ni meno ya mutoto yangu," akasema.

Nikaangalia na mimi, safari hii vizuri. Mwanya. Nililala na kitu hicho ndani ya nyumba, nikakiita kibovu, nikakitoa kama mtego. Nimelia mbele ya watu wote. Halafu nikakasirika kwamba hata Vital ameniona nikilia.

Jumapili, 27

Kabla ya misa Vital alisimama pale mlango ulipokuwa. Alikuwa ameifunga bec katika kitambaa safi. "Kamata," akasema. "Iko ya yaya yako Lionel. Piga weye, ata zile noti saba."

Nilitaka kuichukua. Mkono ulikuwa umeshatoka. Lakini nikajiuliza: mtu anampa mshindani wake bec nzuri, siku yenyewe, bure? Ameifanya nini? Zawadi za namna hii nazijua, mimi mwenyewe nilitoa moja Jumatano. Nikamwambia asante, akae nayo. Akangoja kidogo. Mama akaniita mjinga kutoka chumbani, tena kwa jina langu lote la ubatizo. Vital akaondoka.

Amepiga yeye. Mimi matoazi, nyuma kabisa, na nimechelewa mara moja tu. Baada ya misa fanfare nzima imekuja uani kwetu bila kualikwa. Wamepiga wimbo wa maziko toka mwanzo hadi mwisho, klarineti ikitembea chini yao polepole. Mama amesimama karibu na mawe ya kaburi mpaka walipomaliza, kisha akaingia ndani kuwatafutia viti. Sasa kaka amezikwa. Ningepaswa kupiga mimi. Inaniuma, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa Vital.

Jumatatu, 28

Nimefikiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: meno. Bec yangu haina meno.

Nimepasha msumari katika makaa na kuchora alama mbili juu yake. Inanuka yai bovu, lakini inachorika. Nitasema kaka alikuwa na bec mbili, na hii ndiyo aliyoipenda zaidi. Vital atataka tubadilishane. Kwamba haiingii, atajua baadaye.

Ili nisikosee nilimuuliza Mama mwanya wa kaka ulikuwa na upana gani. Akainua kidole kidogo, akanionyesha ncha yake. Alikaa nacho hivyo hewani muda mrefu.

Zimetoka vizuri. Kesho nampelekea Vital, kama zawadi. Ile ya kwanza aliipokea bila kushuku kitu.