Sukari Mu Maji ya Innocent

Ninyi vijana wa hii groupe ya familia, musome mpaka mwisho, juu sitarudilia. Na musinitumie vile vichwa vya manjano vinavyotoka machozi.

Leo nimehaibika. Nimehaibika mbele ya wamama wa shirika letu la kanisa, mbele ya muke wa mutoto wangu, na mbele ya samaki wawili.

Munajua lile sanduku la vioo la samaki lililo sebuleni, mu salon ya mutoto wangu Innocent, hapa Keshero. Aliachiwa na muzungu mumoja ambaye Innocent alikuwa anamuendeshea gari. Muzungu aliondoka Goma, vitu vikabaki: vioo, taa, mashini ya kupuliza hewa, magunia ya chumvi, na yale mawe ya bahari yenye uhai. Waliosoma wanayaita matumbawe. Mimi nayaita mawe. Kila asubuhi nayasalimia. (Hayajibu. Lakini heshima ni heshima.)

Sasa mujue kwa nini haikuwa mchezo. Tangu tulikimbia vita na tukarudi, Innocent hasemi. Unamuuliza kama amekula, anatikisa kichwa. Unamuuliza habari ya kazi, anaangalia viatu. Lakini mbele ya yale maji, mutoto anasema! "Mama, angalia ile ya kijani, imefungua vidole." Anasema mpaka mimi nasinzia, na hata nikisinzia nafurahi. Yale mawe yakifa, sijui atasema tena juu ya nini.

Basi alipotumwa kazi Butembo, aliniachia mimi ulinzi. Si muke wake. Mimi! Akasema: "Mama, maji yatapunguka kila siku. Uongeze kutoka ile bidon, lile dumu lenye kifuniko cha bulu."

Nikamuitika. Alipoondoka nikaonja ile bidon. Haina chumvi hata kidogo! Nikasema, mutoto amechoka, amesahau. Maji ya chumvi yamepunguka, unaongeza maji gani? Ya chumvi. Hata mbuzi anajua. Nikachota maji yake mu ndoo, nikatia chumvi yangu, nikakoroga, nikawa naongeza kila siku, nikiimba.

Leo asubuhi nimeamka, nimeenda kusalimia. Ile ya kijani imejikunja kama ngumi. Ile ya zambarau imeanza kuwa nyeupe kwenye ncha, sawa mufupa.

Nikatafuta muchawi ni nani. Nikapanguza taa: inawaka. Nikatia mukono mu maji: moto wake ni ule ule. Nikafukuza mbabula, jiko la Mama Espoir, mpaka inje, juu pengine ni moshi wa makala. (Mama Espoir ni huyo muke wa Innocent. Alikuwa anapika maharagi. Akabeba mbabula bila kusema kitu, lakini mugongo wake ulisema.) Nikagombeza samaki: "Ni ninyi munatafuna mawe ya mutoto wangu?" Wakaniangalia tu.

Kwenye kioo Innocent alibandika numero ya Bwana Salim, rafiki yake wa Mombasa anayefuga mawe kama haya. Nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Bonjour. Mawe iko nakufa."

Mutu mupole yule. Akauliza taa, akauliza moto wa maji, akauliza upepo wa mashini. Kiisha: "Mama, kuna kipimo cha kioo kinachoelea. Kitumbukize, unisomee."

Hicho nakijua! Kinafanana na kile walikuwa wanatumbukiza mu maziwa yetu kule Masisi, kuona kama umeongeza maji. Nikakitumbukiza. Kikapanda, kikapita alama nyekundu, kikabaki kimesimama kama sous-chef, ule mukubwa wa posta.

"Chumvi imezidi, mama," akasema. "Usiogope. Punguza maji kidogo, kisha uongeze maji matamu. Polepole tu, usiyashtue."

Pap! Réseau ya simu ikakatika.

Maji matamu. Nikaelewa palepale. Chumvi imezidi, utamu utaipiga. Nikaita: "Mama Espoir! Leta sukari!"

"Sukari ya nini, Mama?"

"Ya mawe."

Akasimama mulangoni. "Mama, sukari mu maji ya samaki?"

"Wewe ulisoma. Mombasa ulifika?"

"Hapana, Mama."

"Basi koroga."

(Mimi pia sijafika Mombasa. Sijafika hata Kisangani.)

Tukakoroga vijiko vitano mu maji ya ile bidon. Nikaonja. Tamu kabisa, ilikosa majani ya chai tu. Nikamimina polepole, kama nanyonyesha mutoto.

Kufika saa ya muchana, wamama wa shirika wakaingia kwa maombi. Maji yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, kama maji uliyooshea muchele. Na mustari wa sisimizi ulikuwa unapanda muguu wa meza, kwa adabu, mumoja nyuma ya mwingine.

Mama Régine, yule mwenye sauti ya kengele, akainama kwenye kioo. "Mama Innocent, haya maji yana nini?"

"Ni dawa ya Mombasa inafanya kazi," nikamujibu. Nikawafundisha wote namna ya kuchunga mawe ya bahari. Walikuwa wanatikisa kichwa. Nilikuwa professeur!

Simu ikalia. Bwana Salim. Nikaweka sauti kubwa, ili wasikie namna watu wa Mombasa wananiheshimu. (Shetani ndiye alibonyeza.)

"Mama, ulitia yale maji matamu?"

"Nilitia. Na nilionja mimi mwenyewe. Vijiko vitano."

"Vijiko vitano vya nini, mama?"

"Vya sukari, Bwana Salim. Ungependa niongeze?"

Kiisha mutu akakohoa, akakohoa, nikafikiri amekabwa na mufupa.

"Mama yangu... kwetu pwani maji matamu ni maji yasiyo na chumvi. Maji ya kunywa tu!"

Mama Régine akaanguka kwenye kanape. "Yesu wangu! Samaki wa Innocent bako nakunywa chai! Mama, na mandazi iko wapi?"

"Ngojeni," Bwana Salim akasema, "na kabla ya leo, ulikuwa unaongeza maji gani?"

"Ya chumvi," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ndiyo yaliyoyaponza matumbawe. Maji yanapanda na hewa, mama. Chumvi haipandi. Inabaki humo humo."

Hapo ndipo Mama Espoir, mutoto wa watu asiyesema, akafungua kinywa polepole: "Mama, si ni wewe unanikatazaka kuongeza chumvi kama maharagi inakaukia?"

Wamama wote wakageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia sisimizi.

Kweli. Kila siku namugombeza juu ya hiyo sufuria. Maji yakikauka, ongeza maji matupu, chumvi iko ndani! Nimeifundisha nyumba nzima. Ila sanduku la vioo halikuwa na harufu ya maharagi, akili ikakataa kufunguka.

Bwana Salim hakunicheka. (Alikohoa.) Akatuongoza: tutoe sehemu ya maji, tutie mapya yenye chumvi ya kipimo, mashini ipulize kwa nguvu, taa tuipunguze. Wamama wakafunga vitenge kiunoni. Maombi yakawa ndoo. Mama Régine alibeba kuliko wote, na kila akipita ananiuliza: "Mama, hii na kijiko ngapi?"

Bwana Salim akasema ncha nyeupe pengine hazitarudi, lakini chini bado kuna rangi, na penye rangi kuna uhai. Itachukua siku nyingi. Tunazo.

Kiisha nikampigia Innocent. Sikuficha kitu: chumvi, sukari, sisimizi. Nikasikia pumzi tu. Nikasema, basi, nimevunja mutoto wangu.

"Mama... vijiko vitano?"

Akacheka! Akacheka mpaka nikasikia watu wa Butembo wakimuuliza kama anaumwa. Akijaribu kusema, anarudi kucheka. Kiisha akasema. Akasema, akasema, unité za simu yake zikaisha, nikapiga mimi, akaendelea. "Mama, angalia ile ya kijani." Nikaangalia. Imetoa kidole kimoja. Kimoja tu, chembamba, kinapepea.

Jioni hii nimekusanya nyumba yote nikatoa amri: mu nyumba hii hakuna mutu wa kucheka juu ya sukari. Ni Innocent peke yake. Yeye acheke mpaka achoke.