Mawe Tisa ya Bwana Gakuru

Ilitangazwa kwa furaha, kwa waraka uliopigwa taipu kwenye karatasi za rangi ya waridi, kwamba kuanzia muhula wa pili wa mwaka 1976 hakuna mradi wa mwanafunzi utakaoanza pasipo jiwe la msingi, na hakuna jiwe la msingi litakalowekwa pasipo mgeni wa heshima. Waraka ulitiwa sahihi na Bwana Peterson Gakuru, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Uwekaji wa Mawe ya Msingi, ambaye pia, kwa baraka za Mungu na kwa kukosa mpinzani, alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya Shule ya Sekondari ya Imani na Matendo, karibu na Ruring'u.

Ilikuwa habari njema. Kabla ya hapo watu walikuwa wakianza mambo ovyo. Mtu alijenga zizi, akaingiza ng'ombe, ng'ombe akatoa maziwa, watoto wakanywa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyepewa taarifa. Nchi haijengwi hivyo.

Katika Imani na Matendo mwanafunzi hakufaulu kwa mtihani peke yake. Kila aliyefika kidato cha nne alitakiwa kufanya mradi wenye manufaa kwa watu, wenye andiko la Biblia juu yake, na wenye mshauri. Mshauri alikuwa Mwalimu Simeon Kingori. Huyu alichonga mawe miaka kumi na mitano kabla ya kujua herufi, kisha akasoma madarasa ya jioni mpaka akawa mwalimu. Na kwa kuwa alijifunza kusoma akiwa na mvi tayari, hakuwahi kujifunza kuruka mistari. Alisoma kila karatasi ya ofisi kama alivyosoma Zaburi, kidole chini ya neno, mpaka chini kabisa ya ukurasa wa nyuma. Walimu wenzake walimvumilia kasoro hiyo.

Mawe yakaanza kuwekwa. Jumaa, ambaye mradi wake ulikuwa kufuga kuku, aliwekewa lake mbele ya kibanda. Kwa bahati mbaya kuku alitaga siku mbili kabla ya mgeni wa heshima kufika, na yai hilo likaandikwa kwenye ripoti kama mafanikio yasiyoidhinishwa. Kibibi, binti wa mama mpishi wa Majengo, alikuwa anaoka mikate. Na yeye akapewa jiwe, zito, lenye maandishi ya dhahabu. Mwalimu Kingori alikumbuka andiko fulani kuhusu mtoto aombaye mkate, lakini hakulitaja, kwa sababu halikuwa kwenye orodha ya maandiko yaliyopitishwa na kamati.

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, na mawe kumi na manane. Tisa yalikuwa na jina la Bwana Gakuru mwenyewe. Haikuwa tamaa. Wakubwa waliokuwa wamealikwa walikosa kufika, na yeye akajitolea. Alijitolea kwa mpango, kwani tisa hayo aliyachongesha mapema kwa pamoja, yakae tayari yakingoja mtu akose kufika. Mwalimu Kingori, jicho la fundi halizeeki, aliyatazama akaona yamechongwa upande wa mbele tu. Mgongoni yalikuwa ya mviringo kama yalivyotoka timboni.

Mradi wa Wangechi ulikuwa daraja.

Chini ya shule hupita kijito cha Kariki. Wakati wa kiangazi ni maji ya kunawia miguu. Wakati wa masika ni mambo mengine. Anayetoka upande wa Ruring'u, hata bibi kizee Cucu Kabura na kabeji zake za sokoni, huzunguka kwa barabara mwendo wa saa mbili. Wangechi alipokuwa kidato cha pili alikosa shule siku arobaini na moja, na alikuwa nazo zote zimeandikwa kwenye daftari. Daraja lilikuwa likiahidiwa tangu kabla ya waraka, na tayari lilikuwa na mawe manne ya msingi, ya wageni wanne wa miaka minne, yamekaa ukingoni kama wazee wanaongoja chai. Bwana Gakuru alikuja akaweka la tano. Alihutubia saa nzima juu ya daraja kama kiungo cha maendeleo, akapigiwa makofi, akala, akaenda zake. Kwa mujibu wa kifungu cha tatu, mradi huhesabiwa kuwa umekamilika jiwe lake likishawekwa.

Wanafunzi kumi na saba walijaza Fomu ya Kukamilika bila tabu. Swali la saba liliuliza: Je, mradi umekamilika? Chini yake palikuwa na kisanduku kimoja, cha Ndiyo. Wangechi alichukua rula, akachora kisanduku cha pili, safi, kinacholingana na cha kwanza, akaandika ndani yake: Hapana.

Fomu yake ilirudishwa kutoka ofisini siku ya tatu. Hakuna mtu mjini Nyeri aliyekumbuka ofisi hiyo kujibu kitu kwa siku tatu.

Bi. Magdaline, mwalimu mkuu, alimwita Mwalimu Kingori ofisini.

"Mwalimu, huyu msichana amechora kwa fomu ya serikali."

"Amechora vizuri, madam. Ametumia rula."

"Sikiza. Ijumaa ni Siku ya Miradi. Bwana Gakuru anakuja na muhuri, na muhuri huo hamwachii mtu, hata akilala anao. Bila muhuri hakuna cheti. Bila cheti, chuo cha walimu huko Kutus hawatampokea Jumatatu. Kuna wasichana sita wanangoja nafasi yake. Wewe ndiye mshauri. Mwambie."

"Nimwambie adanganye?"

"Nani ametaja kudanganya? Aandike Ndiyo. Hiyo si uongo, ni neno moja tu."

Mwalimu Kingori alienda kanisa dogo la shule, akapiga magoti. Hakuomba muujiza, kwa maana aliona Mungu ana kazi nyingi na miujiza haifai kuitwa kwa ajili ya kisanduku. Aliomba aonyeshwe tu la kumwambia mtoto wa watu. Alipotoka, Wangechi alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Mwalimu, nikiandika Ndiyo, Cucu Kabura atavuka na kabeji zake?"

"Hatavuka."

"Na hawa wa kidato cha kwanza?"

"Hawatavuka."

"Sasa nikienda kufundisha, nitawafundisha watoto ati nini?"

"Usipoandika, hutaenda kufundisha hata kidogo."

"Hiyo najua. Nimelia asubuhi nikamaliza. Niko na siku tatu. Wewe unanishauri aje?"

Ushauri, kwa kawaida, ulitolewa kwa nakala tatu. Mwalimu Kingori hakuwa na hata moja. Kwa hiyo alifanya alilozoea kufanya akikwama: alitoa waraka wa rangi ya waridi mfukoni, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma. Wangechi alingoja. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti ya chai. Mwalimu aligeuza ukurasa. Kwenye kifungu cha kumi na nne, mahali ambapo hapajawahi kufikwa na binadamu, kidole kilisimama.

"Soma hapa. Macho yangu yasije yakawa yananipendelea."

Wangechi akasoma: "Kila jiwe ni mali ya shule. Litabebwa na kutumiwa na mwanafunzi yeyote kwa mradi wowote, kwa kibali cha mshauri. Mwanafunzi asililaze nje ya mradi, na ahakikishe linaoshwa kila siku."

Wakatazamana.

"Mwalimu, jiwe la msingi linaoshwa kwa nini?"

Mwalimu Kingori alifikiri, kisha akakumbuka waraka wa mwaka uliopita, kuhusu matoroli. Kamati ilikuwa imechukua waraka ule ule, ikafuta toroli, ikaweka jiwe. Hakuna aliyefika kifungu cha kumi na nne kuona kama limekaa vizuri. Lakini sahihi ya Bwana Gakuru ilikuwa hapo chini, kubwa, yenye mkia.

"Hapa pamesema kibali cha mshauri," Wangechi alisema polepole.

"Nimeona."

"Mshauri ni wewe."

"Nimeona pia. Leta karatasi. Nakala tatu."

Walibeba mawe siku mbili, wanafunzi wote kumi na wanane, na Jumaa akiongoza kwa kuwa alisema kuku wake ameshachoka kuhutubiwa. Kumi na manane ya mwaka ule, na manne ya zamani: ishirini na mawili. Mwalimu Kingori alikunja suruali, akaingia majini, akayapanga mwenyewe kutoka ukingo hadi ukingo, akiyakaza kwa kokoto. Aliamuru kila jiwe lilazwe maandishi yakitazama juu. Kulaza jina la mkubwa kifudifudi kungekuwa utovu wa adabu. Na kuhusu kuoshwa kila siku, kijito kilikubali kazi hiyo bila kudai fomu.

Jioni ya Alhamisi Cucu Kabura alisimama ukingoni, kamba ya kiondo kwenye paji la uso, kabeji mgongoni. Alikuwa hajui kusoma.

"Hii imeandikwa nini?"

"Mheshimiwa mbunge, cucu," Wangechi alimjibu.

"Na hii?"

"Mke wake."

"Wako imara," akasema Cucu Kabura, na akavuka.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Landrova ya Bwana Gakuru ilikwama kwenye matope upande wa Ruring'u, na dereva wake, Shee, alimweleza kwa heshima kwamba gari limefika mwisho wa uwezo wake. Ng'ambo ya kijito walisimama Bi. Magdaline na kwaya chini ya miavuli, Mwalimu Kingori, na Wangechi na fomu yake ndani ya mfuko wa nailoni. Juu zaidi, jikoni, mama yake Kibibi alikuwa amefunua pilau. Harufu yake ilivuka kijito bila kibali.

Bwana Gakuru alishuka mpaka majini, mkoba wa muhuri kwapani. Akatazama chini. Akasoma. Akasoma tena.

"Mwalimu Kingori. Hiki ni nini?"

"Ni mradi, Bwana Mwenyekiti. Umefuata kifungu cha kumi na nne."

"Hakuna kifungu cha kumi na nne."

"Kipo, bwana. Umekitia sahihi."

Kwaya ilitazama miguu yake.

"Yaondolewe. Yote. Sasa hivi."

"Ndiyo, bwana," Wangechi akajibu, akishika adabu kwa mikono miwili. "Tuyaondoe sasa, ama ukishavuka?"

Bwana Gakuru alitazama maji, ambayo yalikuwa kahawia na yenye haraka. Alitazama Landrova. Upepo ukaleta pilau.

"Nikishavuka," akasema.

Akainua mguu juu ya jiwe la kwanza, akaushusha pale pale alipoutoa. Jiwe lilikuwa la Mheshimiwa. La pili lilikuwa la mke wa Mheshimiwa. Shee alikuwa akitazama, na Shee alikuwa binamu wa dereva wa Mheshimiwa. Bwana Gakuru hakuwa amepanda cheo miaka ishirini kwa kukanyaga waliomzidi. Akachungulia mstari mzima wa mawe, na wote walioko ng'ambo wakaona anapiga hesabu. Katika kijito kile palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kumkanyaga bila hofu.

Akavua viatu, kwa heshima, na akaruka kutoka kwake mwenyewe kwenda kwake mwenyewe.

Nyuma yake alikuwa amefika Cucu Kabura na mzigo.

"Baba, songa. Haya ya katikati umeruka ya nini? Yako wazi."

"Mama, kuna utaratibu."

"Utaratibu ni kuvuka. Mvua inaongezeka."

Bwana Gakuru alijipita kwenye jiwe lake la tatu, la tano, la saba. Kwenye la nane alipumzika juu ya jina lake, ubao wa kifua ukipanda na kushuka. La tisa lilikuwa hatua moja tu kutoka ukingoni, mahali penye kina. Mwalimu Kingori alikuwa amelikaza kwa kokoto mara nne, lakini mgongo wa mviringo ni mgongo wa mviringo. Bwana Gakuru alijikanyaga kwa nguvu, na jiwe, lililong'arishwa upande unaoonekana tu, likageuka kwa upole kama mtu anayelala upande wa pili.

Cucu Kabura alitua kiondo juu ya Mheshimiwa, akavuka kwa hatua za haraka, akamshika Bwana Gakuru kwenye kola na kumtoa majini. Muhuri ulikuwa bado kwapani. Walisema kweli kwamba hauachii.

Alipokwisha kukohoa, aliona mfuko wa nailoni mbele ya uso wake. Wangechi alikuwa amepiga magoti kwenye matope.

"Fomu ni ile ile, bwana. Swali la saba. Nimefuta kisanduku changu. Nimeandika Ndiyo mwenyewe, kwa sababu sasa ni ndiyo. Umevuka."

"Sikuvuka. Nimetolewa."

"Uko upande gani?" Cucu Kabura akamuuliza.

Bwana Gakuru alitazama nyuma, akaona kijito, na ng'ambo yake Landrova na viatu vyake. Bi. Magdaline, ambaye miaka saba alikuwa akisema ndiyo kwa kila kitu, alifungua wino, akaushika chini ya mwavuli usilowe.

"Ni neno moja tu, Bwana Mwenyekiti," akasema. "Limeshaandikwa. Limebaki la kugongwa."

Akagonga.

Wangechi alifika Kutus Jumatatu, asubuhi, cheti kikiwa bado na alama za matone. Amri ya kuondoa mawe ilikuwa imetolewa Ijumaa ile ile, Bwana Gakuru akila pilau ndani ya blanketi, lakini ikaahirishwa mpaka atakaporudi ng'ambo. Baadaye kamati ilitaka kwanza kuyakagua, na ili kuyakagua ilibidi ivuke, na kila mjumbe alipofika ukingoni alikumbuka shughuli nyingine mjini. Kifungu cha kumi na nne kilifutwa. Hakuna aliyekisoma kikifutwa, isipokuwa mmoja.

Mwalimu Kingori bado humshukuru Mungu kwa mawe yale kila apitapo, na huongeza kokoto. Na masika yakija, wanafunzi wa kidato cha kwanza wakifika ukingoni kwa mara ya kwanza na kusita, Cucu Kabura huwaonyesha njia kwa fimbo.

"Kanyaga Mheshimiwa, amekaa vizuri. Na mke wake, huyo ni imara zaidi. Lakini ukifika hapo mwisho kwa Gakuru, ruka. Huyo ukimwegemea, anageuka."