Nukta Sitini na Tatu Shambani kwa Bibi Stoyna

Genadi alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, ila mali yake yote ilikuwa gari la kijani aina ya Opel. Asubuhi hiyo, pale mjini Plovdiv, alikuwa akitazama mtandaoni ramani mpya ya makumbusho. Kila sarafu na kila sanamu imewekewa nukta pale ilipofukuliwa. Moja huku, mbili kule. Mara, nukta sitini na tatu zimerundikana kwenye shamba moja!

"Wasomi bwana," alijisemea. "Wanalalia dhahabu huku wanaandika maelezo."

Mwenye shamba, Bibi Stoyna, alikuwa mjane mwenye mbuzi wawili. Genadi alimbusu mkono, akausifu mtindi wake, akasema daktari kamwamuru alime ili apone mgongo. Aliusema uongo huo kwa huzuni hadi akajihurumia mwenyewe.

"Nikodishie wiki mbili tu, bibi yangu."

"Shamba la marehemu? Haiwezekani, mwanangu. Labda unipe hilo gari moja kwa moja."

Moyo ulimuuma. Gari ndilo lililomlisha na, wiki nyingine, ndimo alimolala. Lakini nukta sitini na tatu! Akatia saini, akakabidhi funguo.

Alichimba siku kumi na moja. Akapata kiatu cha farasi, vizibo vya chupa na malengelenge. Siku ya kumi na mbili alikwenda makumbusho, akamwonyesha mhifadhi ile ramani.

"Ah, hizo!" mama yule akacheka. "Ni vitu ambavyo hatujui vilitoka wapi. Tukiandika jina la wilaya tu, kompyuta inaviweka katikati ya wilaya. Sasa katikati yenyewe imeangukia shambani kwa mtu."

Genadi alirudi anafoka. Alimkuta Bibi Stoyna akishuka kwenye Opel na jibini lake.

"Ulijua, bibi!"

"Kwa yule wa kwanza sikujua, nilimwonea huruma kweli. Wewe ni wa nne." Akayakagua mashimo, akatikisa kichwa kushoto na kulia, ambayo kwa desturi ya kwao ni kukubali. "Una bidii, mwanangu. Sasa yafukie yote kabla ya Jumamosi."

"Niyafukie kwa nini?"

"Jumapili nina mgeni kutoka mji mkuu, Sofia, ana Mercedes. Si vizuri akajua kuna mtu kamtangulia."

Genadi alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu. Kisha akachukua koleo, akaanza kufukia.