Akodioni ya Irungu na Santuri Yangu ya Krismasi

Jumatatu, 18 Desemba 1978

Nimeipata! Santuri ya Krismasi ya mama mmoja wa Kimarekani anayeimba jazi. Nyimbo zote za polepole, zote za majonzi, hata ule wa kengele. Safi. Sikukuu ni jambo la huzuni. Wajinga tu ndio huipigia vigelegele. Jamhuri Dei Irungu fundi viatu aliujaza ukumbi wa mtaa wetu wa Jericho, hapa Nairobi, kwa ile akodioni yake inayokoroma. Watu walisimama madirishani! Krismasi ukumbi ni wangu. Wataonja muziki wa watu wazima.

Jirani yetu Teresiah alisikiliza wimbo mmoja mlangoni, akauliza yule mama amefiwa na nani.

Jumatano, 20 Desemba

Nilimwendea Irungu na hotuba ya kurasa nne: akodioni kama chombo cha kupumbaza umma. Sikufika hata ukurasa wa pili. Alinipa ufunguo wa ukumbi, aliokuwa nao tangu Jamhuri Dei, huku akicheka. Chukua, Bwana Matheka, chukua na viti vyote. Ameniogopa!

Jumamosi, 23 Desemba

Mke wangu Ndindi amekwenda nyumbani Mwala na watoto. Tumegombana. Alisema Krismasi na Pasaka mtaa huu hubaki na paka na mlinzi, nami sijui kwa kuwa kila mwaka huwa tuko Mwala. Propaganda! Alisema mama yangu hawezi tena kutembea, amenifungia mbuzi wa Krismasi tangu Agosti, na kila jioni anauliza kama nitakuja. Akataka kujua amwambieje. Nikasema amwambie nina kazi ya umma.

Teresiah naye alipita na magodoro na kuku wawili, akielekea kituo cha basi. Nikamkumbusha awahi kiti cha mbele Jumatatu. Akaniambia pole.

Jumatatu, 25 Desemba

Nilipanga viti sitini. Nikafuta vumbi kwenye gramafoni. Nikangoja.

Hakuna mtu. Hakuna moshi, hakuna harufu ya chapati, hakuna mtoto wa kumfukuza. Alikuja Obura mlinzi, ambaye kwao ni mbali na hakupewa likizo. Wimbo wa tatu akaniomba nipunguze sauti, eti asikie wezi.

Nikapiga pande zote mbili za santuri. Mama yule alipoanza kuimba juu ya watu wanaorudi kwao, niliinua sindano.

Chakula: mkate wa juzi. Irungu saa hii yuko kwao Kangema, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Mbuzi wangu wameshamla. Mama yangu alikaa akitazama njia, namjua.

Jumanne, 26 Desemba

Nimetafakari kwa kina. Kosa si langu. Kosa ni la Krismasi: watu wanachoka, hawawezi kufikiri. Muziki mzito unahitaji sikukuu nzito, yenye mateso na kaburi.

Pasaka!

Nimekwenda kwa Obura kuuomba ukumbi mapema. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia aongeze viti. Irungu hajui lolote!

Mama ataelewa.